Jogoo wa Tano B

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kuna walimu ambao koo zao hazijapona mpaka leo, palikuwa na darasa la Tano B. Jamani, lile halikuwa darasa, lilikuwa gulio. Mwalimu wa kwanza aliomba uhamisho. Wa pili aliomba ruhusa ya kwenda msibani, hajarudi hadi sasa. Kamati ya wazazi ikaleta jogoo mnene, ikasema: atakayelitia adabu darasa hili, jogoo ni wake.

Akaletwa Mwalimu Atupele. "Nyamazeni!" akasema. Ambwene, bingwa wa watundu, akaigiza sauti yake: "Nyamazeni!" Darasa likaangua kicheko. Kila siku kiranja Sekela alimletea mwalimu orodha ya wapiga kelele, na kila siku waliotajwa walipelekwa kufyeka nyasi. Uwanja ukawa mweupe kama kichwa kilichonyolewa, kelele zikabaki palepale. Mwalimu alirudi nyumbani akilia, tusimfiche.

Siku moja akaichana orodha. "Sekela mwanangu, kuanzia leo niandikie waliotulia."

Sekela akaandika. Jina likawa moja tu: Lusajo. Na Lusajo alikuwa amelala.

Mwalimu angefanyaje? Akalisoma jina hilo mstarini, shule nzima ikapiga makofi. Lusajo akavimba kichwa wiki nzima. Wenzake wakaona wivu, wakaanza kutulia, mmoja leo, watatu kesho. Lakini Ambwene akiigiza sauti ya mwalimu mara moja tu, gulio linafunguliwa upya.

Ndipo Sekela akaandika jina la Ambwene. Uongo mtupu! Siku hiyo Ambwene alikuwa amepayuka tangu asubuhi. Jina liliposomwa, Ambwene akageuka nyuma kutazama kama kuna Ambwene mwingine. Tangu aanze shule, jina lake halikuwahi kutajwa kwa wema. Akarudi darasani, akakaa kimya, na yeye mwenyewe akawa anamkata jicho kila aliyefungua mdomo. Tangu hapo mwalimu akiingia, Tano B wanasimama, "Shikamoo mwalimu," wanakaa, wanasoma.

Kamati ikaja kumkabidhi Mwalimu Atupele jogoo mbele ya darasa. Kabla hajashukuru, Ambwene akanyoosha kidole.

"Samahani mwalimu, hawa wanatulia kwa kuniogopa mimi. Halafu kuacha utundu kunauma, hamjui tu."

Sekela akaruka juu. "Nisingemwandika, angekuwa anakuigiza mpaka leo! Nilidanganya, mwalimu, nipe adhabu yangu, lakini na jogoo nipe."

"Mimi ndiye niliyeanza kutulia," akasema Lusajo.

"Ulikuwa umelala!"

"Kwani nililala kwa kelele?"

Mwalimu Atupele akamkumbatia jogoo. Aliyeichana orodha ni nani? Aliyelia ni nani? Tena mchuzi wake alishaupanga tangu jana, na nazi ameshanunua. Lakini watoto wote walikuwa wanamtazama, kimya, wakingoja haki. Alijua vizuri: akimpa asiyestahili, heshima aliyoipata kwa shida ataizika leo hii, na kesho ataanza tena na "Nyamazeni!"

Haya, ninyi mnaocheka, msimwachie mwalimu peke yake. Sekela, Ambwene, Lusajo, au yeye mwenyewe: je, nani alistahili jogoo?