Gata Isiyotaka Kuinama

Wapendwa, acheni kwanza kujipepea, nisikilizeni. Palikuwa na bwana mmoja, mzee wa kanisa kama hawa wa benchi la mbele, aliyejenga nyumba ya bati jekundu kando ya barabara. Mkewe magoti yalikuwa yamekwisha, lakini kila siku alishuka korongoni kuchota maji, akapanda nayo kichwani. Basi bwana akanunua tanki, akaliweka kwenye kona ya nyumba, akamwita fundi afunge gata, ile mifereji ya bati inayokinga mvua pembeni mwa paa. Na huko kwao mvua ni msimu mmoja tu. Ikikupita hiyo, ni jua mpaka mwakani.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Akavuta uzi toka kona mpaka kona, na upande wa tanki akaushusha vidole vinne. Akafunga kipande cha kwanza kwa kuufuata. Bwana akavuka barabara, akasimama ng'ambo, akatazama. Damu ikamchemka. Akarudi mbio.

"Fundi, wewe una macho? Nyumba yangu umeipinda."

"Mzee, isipoinama maji hayaendi."

"Kanisa zima linapita hapa Jumapili. Unataka waseme nimejenga banda? Inyooshe."

Fundi akakunja uzi wake. Akasema hawezi kufunga kitu anachojua hakitaleta maji. Bwana akamwambia aende zake, mafundi wamejaa stendi kama kumbikumbi. Na kweli wa pili alipatikana siku hiyo hiyo, yule ambaye kila ukimwambia neno ni "sawa, mzee". Akaifunga gata imenyooka twaa, akaipaka rangi nyeupe. Watu wakapita, wakasifu. Bwana akatoa kiti barazani, akakaa kupokea sifa. Ninyi mngepita mngesemaje? Mngesifu vilevile, nawajua.

Mvua ikaja Jumanne mchana, mvua ya kuziba masikio. Bwana akaenda kwenye tanki, akabandika sikio. Kimya. Akainua macho. Maji yametuama kwenye gata kama kwenye hori la ng'ombe, majani yanaelea juu, na yanayozidi yanamwagika mlangoni pake. Mara vishikizo vikang'oka, gata ikaanguka vipande viwili miguuni pake. Mvua ikanyesha siku tatu, ikakata. Wiki zikapita, haikurudi tena.

Ndugu zangu, huyo bwana alikasirika. Akamlaani fundi wa pili kwa kumharibia. Akamlaani wa kwanza kwa kumkimbia. Akalilaani bati na aliyeliuza. Akaingia ndani kwa kishindo, akamwambia mkewe amtolee koti, anakwenda kushitaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

Akamkuta mama anasokota kitambaa cha kuwekea ndoo kichwani.

"Mwenyekiti mwache apumzike," akasema mama, wala hakupandisha sauti. "Baba Sifuni, kwenye nyumba hii lazima kitu kimoja kiiname. Gata umeikataza. Basi umeinamisha mgongo wangu."

Akabeba ndoo yake, akashuka korongoni.

Mlitaka nimlaumu fundi, siyo? Tumezoea hivyo. Mchungaji akisema ukweli, tunasema hana adabu, tunatafuta wa "sawa, mzee". Tunamwita Mungu aje atutengenezee nyumba, halafu sisi ndio tunasimama ng'ambo ya barabara kumwelekeza pa kupigilia misumari! Nani katufundisha hayo? Hata sisi tuliojifunza kusoma na mvi kichwani, na mimi nimo, tunabeba Kitabu kwapani jalada likiwa nje, watu waone. Tukifika nyumbani, hakuna aliyeombwa msamaha. Hakuna aliyepokewa mzigo. Tumenyooka tu.

Baraka si kwamba hazinyeshi. Zinanyesha, zinatuama kwenye shingo zetu ngumu, zinamwagika mlangoni, na wa nyumbani kwetu wanakufa kiu.

Basi mkitoka hapa, usimtazame jirani yako. Nenda nyumbani ukamtafute yule anayeshuka korongoni kwa sababu wewe umekataa kuinama. Mpokee ndoo, leo, kabla hujala.