Kuangua si Kuanguka

Kabla vikapu vyenu vya mavuno havijafika pale mbele, viwekeni chini kwanza. Mihogo haiozi kwa robo saa. Sikilizeni habari ya mkwezi mmoja, mtu wa kupanda minazi ya watu na kuangua nazi kwa ujira. Jina lake halitatufaa kitu. Mkilijua mtaanza kuulizana ukoo wake na mahari aliyotoa, na mfano utakuwa umekwenda na maji.

Mkwezi huyu alikuwa hodari. Alitia kitanzi cha kamba miguuni, akakumbatia shina, na kabla hujamaliza kumsalimia keshafika kwenye makuti, salamu yako anaijibu kutoka juu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakutaka kusikia neno kifo. Ukilitaja anatema mate pembeni. Alipokuwa kijana, mabega yanang'aa, alijiwa na bwana mmoja wa bima, tai shingoni, jasho linamtiririka. Akaelezwa habari ya bima ya maisha, ile ya muda. Unalipa kila mwezi kwa miaka mliyopatana. Ukifa ndani ya miaka hiyo, mkeo na wanao wanalipwa.

"Usiniletee uchuro," mkwezi akasema. "Nenda kawauzie wagonjwa."

"Mgonjwa bei yake kubwa, kaka. Wewe sasa hivi ungelipa kidogo sana."

"Njoo nikizeeka."

Haya, nani humu ndani hajawahi kulisema hilo? Tunamwambia daktari, tunamwambia mchungaji, tunamwambia Mungu mwenyewe. Njoo nikizeeka. Utadhani uzee ni mgeni mstaarabu, atapiga hodi kwanza na kungoja uvae shati.

Miaka ikapita. Mkwezi akaoa, watoto wakaja. Akajifunza kuvuta sigara, zile kali zinazonuka mpaka kwa jirani, na magoti yakaanza kusema akiwa katikati ya mnazi. Mkewe alikuwa mwanamke asiyefunika neno kwa kawa. Siku moja akamvaa.

"Baba watoto, wewe kutwa uko angani kama popo. Ukidondoka mimi nile nini? Kamba yako?"

"Mimi sidondoki."

"Nazi nayo ilisema hivyohivyo."

Akakubali. Akamchukua na jirani yake, mkwezi mwenzake, mdogo kwake kwa miaka mingi, mwenye mke na kitoto kimoja cha mgongoni. Wakaketi barazani kumngoja mtu wa bima. Safari hii akaja binti mmoja wa kutoka bara, mpole, mwenye adabu.

"Shikamoo, baba. Una umri gani?"

Akautaja. Bei ikapanda.

"Unavuta sigara?"

"Mojamoja tu."

Mkewe akakohoa kwa makusudi. Bei ikapanda.

"Baba yako mzazi yupo?"

"Alikwenda kwa presha."

Bei ikapanda.

"Na kazi yako, baba?"

"Naangua."

Binti akaacha kuandika. Uso ukamlegea kwa huruma. "Pole sana, baba. Umeanza lini kuanguka? Dawa unatumia?"

"Dawa za nini?"

"Za kifafa."

Mkewe alicheka mpaka kanga ikamwanguka. Jirani alishikilia nguzo ya baraza asije akaviringika. Mkwezi akasimama, mishipa imemtoka shingoni.

"Naangua, wee binti! Naangua nazi! Sianguki!"

"Nisamehe, baba. Kwetu nazi tunaziona sokoni, zimeshashuka. Kumbe unapanda. Minazi yenyewe mirefu?"

Angekuwa na akili angesema mifupi. Lakini mwanamume akiulizwa habari ya kazi yake, akili huaga. Akamwonyesha mmoja uliolipita paa la kanisa, akasema huo ndio mdogo. Bei ikapanda tena.

Ikaja zamu ya jirani. Kijana, havuti, wazazi wote wawili wazima wako shamba wanapalilia. Kazi ileile, miaka kumi ileile, malipo ya wanaobaki yaleyale, lakini bei yake ikawa nusu. Kila mwezi mkwezi alitakiwa kutoa ujira wa minazi kumi na miwili, jirani ujira wa minazi sita.

"Haki gani hii?" mkwezi akang'aka. "Mnazi si ni uleule?"

"Mnazi ni uleule, baba, ila mpandaji si yuleyule. Kampuni inawatazama watu wengi kwa pamoja. Wa umri wako wanaovuta, wanaokufa mapema ni wengi kuliko vijana wasiovuta. Inakadiria tu. Wewe peke yako haikujui."

Mkewe akadakia, "Na mimi niliyelingana naye umri?"

"Wewe, mama, ungelipa pungufu. Kwa kawaida wanawake tunaishi zaidi."

"Lazima muishi zaidi," mkwezi akasema. "Ninyi ndio mnaotumaliza."

"Basi mwambie aandike na hilo, kwamba unalala na muuaji wako. Bei ipande vizuri."

Jirani akampiga bega. "Kaka, kubali tu. Wewe bei ya jogoo, mimi bado kifaranga."

Wakacheka wote, wakakata bima, binti akanywa dafu akaenda zake.

Mwaka wa pili mvua zilizidi. Mashina yakaota ukungu, yakawa yanateleza kama sabuni. Asubuhi moja yule kifaranga akapanda mnazi aliokuwa akiupanda tangu utoto wake. Akaanguka.

Hakuvuta. Hakuwa mzee. Baba yake, yule aliyepunguza bei, ndiye aliyemzika. Mmeona? Bei inajua umri. Siku haiijui.

Kampuni ikalipa kama ilivyoahidi, sitaisingizia. Mjane akaezeka mabati, kitoto kikakua, kikaenda shule. Mkwezi akaendelea kupanda na kulipa, kupanda na kulipa, kila mwezi akinung'unika. Sigara aliacha, si kwa utakatifu, bali kwa sababu mkewe alikuwa akizichovya kwenye maji ya kuoshea vyombo. Mvua zikaja na kwenda. Mabinti zake wawili wakaolewa, akacheza ngoma kwenye harusi zote mbili mpaka viatu vikapasuka. Miaka kumi ikatimia.

Siku hiyo alioga mapema, akavaa shati la kitani, akaenda mjini kwenye ofisi ya bima. Akamkuta binti yuleyule, sasa mama mtu mzima mwenye miwani.

"Nimekuja kuchukua changu," akasema.

"Hongera sana, baba! Muda umekwisha na wewe mzima."

"Hongera haiingii mfukoni. Changu kiko wapi?"

"Bima yako ilikuwa ya muda, baba, haikuwa akiba. Tulikueleza pale barazani. Tungelipa kama ungefariki. Hukufariki."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwa hai?"

"Si kosa, baba. Ndilo tuliloliombea sote, na kampuni pia."

"Na nikitaka kuendelea?"

Akamhesabia. Bei ile ya jogoo ilikuwa imezaa majogoo wengine watatu. Mkwezi akauliza sababu, akajibiwa neno moja: umri.

"Ala! Yaani mnanitoza kwa sababu sikufa!"

Akarudi nyumbani amevimba kama chura wa masika. Mkewe akamwuliza kulikoni, akasema ameliwa. Wiki nzima wimbo ukawa huo, nimeliwa, nimeliwa. Ikafika Jumapili ya mavuno, Jumapili kama hii. Mkewe akatoa kikapu.

"Baba watoto, tunapeleka nini?"

"Hata kifuu sipeleki. Mungu aliniona naliwa miaka kumi, akanyamaza. Na leo anyamaze."

Akaenda kukaa kizingitini, mgongo ameupa nyumba. Ndipo akapita yule mjane, kikapu cha ndizi kichwani, anakuja kuwachukua waende wote kama desturi yao. Akamkuta shemeji yake amenuna.

"Kuna nini, shemeji?"

"Ninyi mlikuwa na bahati," mkwezi akasema. "Mlilipa mwaka na kidogo, mkapata. Mimi miaka kumi, nimetoka patupu."

Mkewe alikuwa mlangoni. Alitamani ardhi ipasuke, au immeze yeye au immeze yule mume. Lakini mjane hakulia. Wajane wa miaka mingi hawana machozi ya kutupa ovyo. Alishusha kikapu taratibu, akaketi mkabala naye.

"Kweli, shemeji. Basi tubadilishane."

"Tubadilishane nini?"

"Nitang'oa mabati, nitauza na kiwanja, nikurudishie vyote ulivyotoa na zaidi. Wewe nipe hiyo miaka."

Mkwezi akageuza uso upande wa jiko.

"Unaona ni mingi? Nipunguzie. Nipe asubuhi moja tu. Ile ya mwaka jana, uliyoamka ukafoka mtaa mzima kwa sababu chai haina sukari. Nilikusikia kule kwangu. Nipe hiyo. Mwanangu amsikie baba yake naye anafoka."

Wapendwa, mkwezi aliinamisha kichwa. Akatazama viganja vyake, vimeota sugu mpaka vimekuwa kama magome. Ikamjia minazi yote aliyoikumbatia, ya mvua na ya jua, na kila mnazi alioupanda alishuka. Kushuka! Hakuna siku hata moja aliyorudi nyumbani akasema, mama watoto, leo nimeshuka. Ni nani anayesema hivyo? Kushuka si habari. Mpaka pale usiposhuka.

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kamba.

"Unakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Kuangua."

"Siku ya Bwana?"

"Kikapu kitupu hakiendi kwa Bwana."

Akauendea ule mnazi mfupi wa nyuma ya jiko, ambao hata mkewe angeweza kuupanda kama angekuwa na suruali. Akapanda polepole, magoti yanalalamika kila hatua. Alipofika kwenye makuti, mkewe akapaza sauti kutoka chini, mkono kiunoni.

"Jishike sana huko, mzee! Bima imekwisha!"

Mkwezi akachungulia chini, dafu mkononi. Akauliza, "Kwani ndiyo iliyokuwa inanishika?"

Basi mjane akaanza kucheka yeye wa kwanza, na nazi zikaanza kushuka.

Sasa msiende kuniharibia jina, mkasema kanisani wamekataza bima. Hapana. Kama unaweza, kata, na ukate mapema, kabla ya presha na kabla ya magoti. Yule mjane asingekuwa na paa kama mumewe angesema njoo nikizeeka. Kumwekea akiba atakayebaki ni kumpenda kwa matendo, na wapo humu wanaume wanaoimba pendo kwa sauti nene ilhali watoto wao wakibaki leo watagawanywa kwa wajomba kama vifaranga. Wanajijua. Sitawatazama.

Lakini sisi wengine ugonjwa wetu ni ule wa kizingitini. Tumeomba tusipatwe na jambo, hatukupatwa, kisha tunakwenda kwa Mungu kudai chenji. Umepita mwaka mzima bila kulazwa, unasema mwaka huu sikupata kitu. Mtoto amekwenda shule na kurudi, amekwenda na kurudi, unamwona anarudi, unamwuliza mbona umechafua soksi. Wewe ulitaka nini? Ulitaka jambo litokee ndipo ushukuru kwamba uliokoka?

Kadiri alivyozidi kuishi, kampuni ilimpandishia mkwezi bei, na haikukosea hesabu. Umri ni kitu cha thamani, ndiyo maana bei inapanda. Ila tazameni: kampuni ilitoza kwa ajili ya miaka ambayo haikuitoa yenyewe. Aliyeitoa hakutoza kitu. Hakuuliza baba yako alikufa kwa nini, hakuuliza unavuta ngapi, hakuutazama urefu wa mnazi wako. Alikupandisha, akakushusha, wewe ukaingia ndani ukauliza chakula kiko wapi.

Sisi tulio humu leo, wenye mvi na wenye meno ya maziwa, tumeangua mwaka mzima. Hatujaanguka. Na aliyeanguka, tulimzika na tukala kwake, tunajua tofauti ya maneno hayo mawili.

Haya, inueni vikapu. Ambaye chake ni kitupu, nyumbani kwake uko mnazi mfupi, aende. Tutamngoja.