Kibali cha Fundi Naburi

Hapo zamani za masultani, mji wa Kitoro ulitawaliwa na Sultani Mwinyi Jaha. Mgeni mmoja aliyejiita tabibu wa farasi alimwulia farasi ampendaye, na tangu siku ile Sultani akaapa kuwa hatachezewa tena. Basi akaandikisha sheria, ikabandikwa langoni: Mgeni asiye na kibali asikae mjini, wala asitie mkono katika kazi, na kibali hapewi ila fundi aliyekwisha kuonyesha kazi yake humu mjini.

Ikawa mwaka ule kisima cha mji kikakauka. Watu wakateka tope, wakalichuja kwa kaniki, na watoto wakaanza kuugua. Mafundi wa mji wakachimba, wakashindwa. Ndipo akatokea Naburi, fundi wa visima kutoka nchi ya mbali, hana kitu ila kanzu moja na kilemba. Waziri Shehabu akamsimamisha langoni, akamsomea sheria.

"Kibali hupatikanaje, bwana?" akauliza Naburi.

"Kwa kuonyesha kazi uliyoifanya humu."

"Na kazi nitaifanyaje?"

"Kwa kuwa na kibali."

Naburi akaomba asomewe tena, polepole. Kisha akashukuru, akamwomba mlinzi amfunge mikono nyuma kwa kilemba chake, akaingia mjini. Waziri akaisoma sheria tena, akampisha.

Akaenda hata kisimani, akasimama. Akaikanyaga ardhi huku na huku, akiisikiliza, kisha akawaambia vijana wa mji, "Chimbeni hapa ninapokanyaga. Sasa pindeni kulia." Mikono akafunguliwa kwa kula na kusali tu. Bi Mize, mjane aliyeishi jirani, akamletea kigoda, akakikataa. Akamletea mkeka, akasema ataulalia usiku. Miguu ikamvimba.

"Baba, utaanguka!" akasema Bi Mize.

"Kuanguka hakukukatazwa, mama."

Siku ya nne maji yakabubujika, na watu wakalia kwa furaha. Waziri akamkamata Naburi, akampeleka barazani.

"Maulana, mtu huyu amekaa mjini siku nne bila kibali, na kazi amefanya!"

"Sikukaa, Maulana," akajibu Naburi. "Nimesimama, nimetembea, na nimelala. Bi Mize ni shahidi."

"Ni kweli," akanena Bi Mize. "Kigoda changu alikikataa mpaka nikakasirika."

"Na mkono sikuutia kazini, Maulana. Ulikuwa umefungwa."

Waziri akapandwa na hasira. "Maji yale ni kazi yake! Mji mzima umeiona!"

"Basi Bwana Waziri ameshuhudia kuwa nimeonyesha kazi yangu humu mjini," akasema Naburi kwa upole. "Ikiwa ni kweli, nastahiki kibali. Ikiwa si kweli, sina kosa."

Sultani akanywa maji bilauri nzima, kisha akageuka.

"Shehabu, sheria hii nani aliitunga?"

"Wewe, Maulana."

"Mbona hukuniambia kuwa haina pa kuingilia?"

"Maulana hakuniuliza."

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka. "Mwandikie kibali chake."

"Cha muda gani, Maulana?"

"Hata kisima kikauke."

Basi Naburi akaishi Kitoro, akaoa huko, na kila mwaka, kabla ya kiangazi, alikichimba kisima kile dhiraa moja zaidi. Wajukuu wake wangali huko, na maji hayajapungua.