Siku Ziwa Lilipovaa Kijani

Paukwa! Pakawa! Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa tena! Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, kwenye ufuko wa ziwa moja, aliishi Korongo. Kazi yake ilikuwa kupima maji. Kila asubuhi anaingia, chubwi, anasimama, anahesabu hadi mia. Miguu isipowasha, anafunga jani bichi kwenye mti alioukita ufukoni. Ikiwasha, anafunga ua jekundu. Jani, ingia. Ua, kaa nje. Hata vifaranga walijua.

Siku moja akaingia, akahesabu. Kufika kumi tu, miguu inawaka moto. Kutazama, ziwa lote limetanda utando wa kijani, linanuka vibaya. Mbio mbio akafunga ua jekundu.

Mara pu pu pu! Mama Ngiri huyo, na wanawe saba nyuma, mikia juu, vumbi tupu mwilini. Korongo akamwonyesha ua. Mama Ngiri akacheka, akasema leo Korongo kazeeka macho.

"Kaka Korongo, wewe umefunga kaua kamoja. Ziwa zima limevaa kijani. Nimsikilize nani, wewe au ziwa lenyewe?"

Watoto hao, mbio majini! Korongo naye hakungoja. Akaruka, akatua mbele yao, akatanua mbawa. Akainua mguu mmoja. Umevimba. Akainua wa pili. Nao umevimba, malengelenge matupu.

"Dada, mimi niliingiza miguu tu. Hawa wako watayanywa."

Mama Ngiri akaitazama miguu ile. Akawaita wanawe kwa ukali. Wakarudi sita. Wa saba kainama, pua karibu iguse maji! Korongo akamdaka mkia, akamburuta, buruu, hadi mchangani. Hakulowa hata sharubu. Mama Ngiri akaketi chini, akalia, akacheka, akamlamba mtoto hadi vumbi lote likaisha. Korongo akashusha pumzi, akasahau na maumivu.

Siku ya tisa upepo ukaufukuza utando. Korongo akachuma jani, akasita: rangi ni ileile ya utando. Akaung'oa ule mti, akautupa. Akaingia mwenyewe, akahesabu mia, akabaki palepale. Mama Ngiri akamwona ametulia, akawaambia wanawe, haya. Chubwi, chubwi, chubwi, wote saba.

Tangu siku hiyo hakuna jani, hakuna ua. Korongo akiwa majini, wanaoga. Akiwa mchangani, wanangoja.

Basi jamani, mtu akiwaambia maji ni salama, tazameni kwanza kama mwenyewe ameingia. Hadithi yangu imeishia hapo ufukoni, na Korongo nimemwacha majini.