Kitanda cha Mninga cha Mzee Mihayo

“Kisichotakiwa hakipiti mlangoni.”

Methali hii mliisikia jana kwenye kikao cha harusi, pale mwenyekiti aliposema ukumbi ni mdogo, hautawatosha ndugu wa bwana harusi wanaotoka shamba. Mama mmoja aliyekaa nyuma akaitamka kwa sauti ya chini, na watu wakageuka kumtazama. Sasa mnauliza imetoka wapi. Haikutoka mbali, na wala si ya zamani sana. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Sikonge aliishi fundi seremala aitwaye Mihayo. Yeye na mkewe Nyamizi walijaliwa watoto watatu, akakua mmoja tu, Shija. Shija alisomeshwa kwa randa na msumeno wa baba yake mpaka chuo kikuu, akapata kazi Dodoma, akaoa huko huko. Siku moja akapiga simu kusema amehamia nyumba mpya, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye geti na lifti.

“Mnalalia nini?” Mihayo akauliza. Fundi huuliza kama fundi.

“Godoro tu, baba. Vitu vingine tutanunua polepole.”

Neno hilo lilimkaa Mihayo rohoni. Juu ya dari ya karakana yake alikuwa na mbao za mninga alizozikausha miaka sita. Mbao hizo zilikuwa za Nyamizi. Alimwahidi mkewe kitanda tangu kile chao cha kamba kilipoanza kulegea, lakini kila mwaka kazi za watu zilitangulia. Alimfuata jikoni akamweleza. Nyamizi aliendelea kupepeta mchele bila kuinua uso.

“Mpe mtoto,” akasema. “Sisi mbavu zetu zimeshazoea.”

Mihayo akampigia Shija, akamwomba apime mlango. “Milango ya huku mikubwa, baba,” Shija akajibu, “lakini usijisumbue.” Mihayo alilishika la kwanza. La pili alilichukua kuwa ni adabu.

Kazi ilimchukua miezi miwili. Hakutia bolti hata moja. Aliunga kwa ulimi na tundu, ubao ukiingia ndani ya ubao, kama alivyofundishwa ujanani, ili kitanda kisipige kelele siku wajukuu watakapokirukia. Kwenye ubao wa kichwani alichonga nyuki, kwa sababu ukoo wao ni warina asali. Akapiga msasa, akapaka vanishi mara tatu. Kimo cha kichwa alikizuia kisifike futi tatu, maana kitanda kizima hupitishwa kwa ubavu, asije akawatesa watu mlangoni na ngazini. Kisha akakipandisha kwenye lori la asali liendalo Dodoma, naye akakaa nyuma pamoja nacho, akikikumbatia kila lori lilipoingia shimoni.

Walifika saa nne asubuhi. Mlinzi wa geti, mtu wa makamo aitwaye Chidawali, alisaidia kukishusha. Akapitisha kiganja juu ya wale nyuki, akatikisa kichwa. “Mzee, una mkono,” akasema.

Shija alishuka. Akamwamkia baba yake, akakitazama kitanda, kisha akainua macho kuyatazama madirisha ya majirani.

“Baba, pole na safari. Ila hiki hakitapita mlangoni.”

“Hakifiki futi tatu.”

“Hakitapita, baba. Mlango wetu mwembamba. Kiache hapa kwa mlinzi, tupande ule kwanza.”

Mihayo aliamini. Lifti ilipokuwa ikipanda alikuwa akijilaumu kimoyomoyo: fundi wa miaka arobaini, leo ameshindwa na mlango!

Mkwewe, Prisila, alimpokea kwa kupiga magoti, akakimbilia jikoni. Mihayo akaenda kunawa. Njiani akakuta mlango wa chumba cha kulala uko wazi. Ndani palikuwa na kitanda kipya cha dukani, kipana, kichwa chake kimevikwa kitambaa cha kijivu, na nailoni bado haijatolewa miguuni.  Kisha akatoa mfukoni futikamba, maana hakutembea bila futikamba, akarudi hadi mlango wa kuingilia, akaufungua, akaupima. Futi tatu na inchi tatu. Akapima tena.

Prisila akamkuta hapo. “Unapima nini, baba?”

“Naangalia kama kitanda kitapita.”

“Kitanda gani?”

Mihayo akamgeukia mwanawe. Shija alikuwa amesimama karibu na friji, glasi ya maji mkononi.

“Hukumwambia mkeo?”

“Baba…”

“Miezi miwili, Shija. Hukumwambia?”

“Baba, wenzangu wa kazini wanakuja hapa. Kitanda kile ni… ni cha kule nyumbani. Ningekuambiaje?”

“Ungesema hukitaki.”

“Ungeumia.”

“Kwa hiyo ukaniacha nipande nacho lori.”

Prisila alikuwa amejishika mdomo. “Shija, mpigie mlinzi kiletwe. Sasa hivi.”

“Acha, mama,” Mihayo akamwambia taratibu. “Mwenye nyumba ameshasema.”

Akala alichoandaliwa, kwa kuwa chakula hakikuwa na kosa, akamshukuru mpishi, akashuka.

Chidawali alikuwa amepanga chumba kimoja nje ya mji. Mkewe alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, akilala chini juu ya jamvi. Mihayo alipomwambia kitanda ni chake, Chidawali alidhani anataniwa, mpaka alipouona mkokoteni alioukodi mzee. Walipofika wakakuta mlango wa chumba kile haufiki hata futi mbili na nusu.  Lakini Chidawali alikwenda kwa jirani, akarudi na mtaimbo. “Mwenye nyumba nitaongea naye mimi,” akasema, akaanza kung’oa fremu. Kitanda kikapita. Mihayo akairudisha fremu mwenyewe, na mara mbili akajipiga nyundo kidoleni, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa mwanagenzi.

Aliporudi nyumbani, Nyamizi alimsubiri barazani.

“Kilipita?”

“Kilipita.”

Huo haukuwa uongo, naye akaishia hapo. Nyamizi akawasimulia mashoga zake kwamba mwanawe analalia mninga. Kila alipomuuliza Shija kwa simu, Shija alimjibu kwamba kitanda ni kizuri, mama, kizuri sana.

Mwaka uliofuata macho ya Nyamizi yaliingia ukungu. Daktari akaandika barua aende hospitali kubwa ya Dodoma, na asichelewe. Mihayo akampigia mwanawe akiwa karakanani, wateja wawili wakisubiri viti vyao. Akaiweka simu mezani kwenye spika ili Nyamizi, aliyekaa kando yake, naye asikie.

Shija akakohoa. “Baba, nafikiri mama asifikie kwetu. Korido zenyewe ni nyembamba, mtu asiyeona vizuri atajigonga. Nitawatafutia gesti karibu na hospitali.”

Nyamizi akacheka, akidhani mwanawe amejisahau. “We Shija! Korido iliyopitisha kitanda cha baba yako ndiyo inishinde mimi?”

Shija akakohoa tena. Wateja wakainamisha vichwa. Nyamizi akamgeukia mumewe, macho yake yenye ukungu yakiutafuta uso wake.

“Baba Shija?”

Mihayo hakuwa na pa kukimbilia.

“Hakikuingia kwa Shija, mama Shija. Mlango ulikuwa mpana. Niliupima mwenyewe mara mbili. Kisichotakiwa hakipiti mlangoni.”

Nyamizi alipapasa mezani mpaka akaipata simu.

“Shija.”

“Naam, mama.”

“Usitafute gesti.”

Hakwenda Dodoma. Mihayo alimsihi, majirani walimsihi, Prisila alipiga simu akilia. Jibu lilikuwa moja, kwamba hana safari. Kabla ya masika jicho la kushoto lilizimika, na la kulia likafuata. Ndipo Shija akaja na gari kumchukua. Nyamizi alimpapasa uso wote kwa vidole, akamwambia amekonda, akaagiza apewe chai. Hakumlaumu kwa neno lolote. Wala hakupanda gari. Shija aliondoka kama alivyokuja, na Mihayo hakutoka karakanani kumsindikiza.

Wale wateja wawili ndio walioyabeba maneno yale hadi sokoni, na kutoka sokoni yakaenea. Leo yanasemwa popote mtu anaposingizia nafasi. Kwa hiyo mwenzako akikuambia kwamba nyumba yake ni ndogo, ukumbi umejaa, au gari halina kiti, usibishane naye, wala usiende kupima. Kisichotakiwa hakipiti mlangoni.