Kiwiko cha Joho la Sultani

Hapo zamani, siku ya Jumatatu, mwezi kumi na tatu Rajabu, saa nne kasoro robo asubuhi, joho la marehemu Sultani Mohoro wa mji wa Ukutani lilitumbukizwa katika sufuria la maji yanayochemka. Wako wasemao kwamba ilikuwa saa nne kamili, lakini hao wamekosea, kwa kuwa saa nne kamili joho lilikuwa limekwisha kutolewa, na yule aliyelitoa alikuwa amekwisha kukimbia.

Aliyeamuru lichemshwe alikuwa Waziri Kombo, mtu hodari wa kuamrisha, ambaye katika maisha yake hakupata kufua hata leso. Aliambiwa na Sultani Badi, mjukuu wa Mohoro, alisafishe joho la babu yake ili alivae siku ya karamu ya vunja jungu, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Waziri akaona kuwa kama shuka za kitani hutakata kwa maji ya moto na majivu, joho nalo litatakata. Basi joho lile lilikuwa la sufu nzito, na sufu ikipikwa husinyaa. Likatoka kadiri ya kumtosha mtoto wa siku arubaini.

Na Sultani Badi alikuwa na haja kubwa ya joho lile. Alikuwa na miaka mitatu katika kiti, na kwa miaka hiyo mitatu watu wa Ukutani walimsalimu kwa adabu na kumsahau kwa haraka. Babu yake, aliyekuwa kaburini siku nyingi, walimtaja kila uchao. Badi alipowauliza, "Babu yangu mlimpendea nini hasa?" walishikwa na haya, wakajibu, "Ah, Maulana, tulikuwa tukimwona amekaa pale barazani na lile joho lake, roho zetu zikatulia." Basi Badi akalishika neno la joho, na hayo ya kukaa barazani akayaacha hapo hapo alipoyasikia. Mashauri ya watu yalikuwa yakisikilizwa na Waziri, na Waziri alisikia vizuri zaidi akiletewa mbuzi.

Mafundi wa jumba wakashona joho jipya kwa siku tisa. Likapitishwa sokoni ili watu walione. Watu wakalitazama, wakasema, "Zuri, lakini silo." Kwa maana lile la Mohoro lilikuwa limechakaa kiwiko cha mkono wa kuume hata bitana ikachungulia, na upindo wake ulikuwa umelika kana kwamba umetafunwa. Mafundi wakalirudisha, wakakikwaruza kiwiko juu ya mbuzi ya kukunia nazi, wakalipitisha mara ya pili. Ikawa bibi mmoja muuza vitumbua akaunyanyua ule mkono, akakitia kiwiko puani.

"Hiki kimekunwa," akasema. "Kinanuka tui."

Soko zima likacheka, na kicheko kikafika jumbani kabla ya joho.

Sasa, katika mji huo alikuwako mwanamke mmoja jina lake Mwanamize, akikaa chumba kimoja nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Hakuwa na kitu ila mkasi, sindano saba, na kastabini ya shaba aliyoivaa kidoleni hata wakati wa kula. Kazi yake ilikuwa kuokota nguo kuukuu zilizotupwa, akazifumua uzi kwa uzi mpaka ajue fundi fulani marehemu alishonaje bega, au alipindaje shingo; kisha hushona nguo mpya kwa mtindo ule wa zamani. Wasichana wa Ukutani walizigombania kanzu zake za mikono mipana, na papo hapo walimwita punguani, kwa sababu alifanya kila aliloambiwa kama lilivyosemwa. Mama mmoja alipata kumwagiza, "Mshonee mwanangu kanzu ya harusi, iwe kama ya baba yake." Baba alikuwa na tumbo la kubeba kwa mikono miwili, na mwana alikuwa mwembamba kama ufito. Kanzu ikaja na nafasi ya tumbo, imepigwa pasi vizuri. "Ulisema kama ya baba yake," Mwanamize akajibu, wala hakuelewa kwa nini mama wa watu analia.

Basi huyu akaitwa jumbani, mwezi ishirini na sita Rajabu, siku ya Jumapili.

"Mwanamize," akasema Sultani, "naambiwa wewe huwafufua wafu."

"La, Maulana. Nguo zao tu. Wenyewe nawaacha walipo."

"Nataka joho la babu yangu. Sitaki lifananalo nalo. Nalitaka kama lilivyokuwa siku aliyolivua mara ya mwisho, kiwiko kimechakaa na upindo umelika. Wala usije ukalikuna."

"Sitalikuna."

"Usilichome moto, usilipake matope, usilisugue jiweni. Nataka uchakavu wa haki, ambao bibi yule wa vitumbua akiunusa atanyamaza."

"Nimesikia, Maulana."

"Tena lisivaliwe," akasema Sultani, na hapa akajiona mwerevu mno, kwa maana Waziri alikwisha kumnong'oneza kwamba huyu mwanamke anaweza kumvika mchukuzi joho lile siku thelathini akalimaliza. "Mimi sivai mabaki ya mtu. Asilivae yeyote ila mimi."

"Yeyote ila Maulana," Mwanamize akarudia polepole.

"Ila mimi. Unazo siku thelathini. Joho likiwa tayari siku ya karamu, nitakupa utakalo. Lisipokuwa tayari kwa kosa lako, utakatwa dole gumba la mkono wa kuume, usishone tena."

Mwanamize akalitazama dole gumba lake. Lilikuwa na sugu mbili na tundu dogo la sindano la tangu asubuhi. Bila dole lile hakuwa na njia nyingine ya kupata chakula, na zaidi ya chakula, hakuwa na jambo jingine alilojua kulipenda.

"Nina ombi moja," akasema. "Maneno haya yaandikwe. Mimi ni mtu wa kusahau."

Waziri akacheka, akayaandika kwa mkono wake, neno kwa neno, akatia muhuri. "Haya, punguani," akasema, "upate kuyasoma ukiwa na vidole vinne."

Mwanamize akaomba apewe lile joho lililopikwa, akaenda nalo nyumbani. Akalifumua kwa siku sita. Akahesabu mishono ya bega la kushoto, ikawa mia mbili na kumi na minne. Ya bega la kulia ikawa mia mbili na tisa, maana fundi wa kale alichoka kidogo, naye akachoka vivyo hivyo, mahali pale pale. Akatafuta uzi wa zari usiong'aa sana, kwa sababu wa siku hizi hung'aa kama uongo. Akaona kuwa kola ilishonwa mara mbili, akaishona, akaifumua, akaishona. Alipofika kwenye kiwiko akasita, akatoka kwenda kuulizauliza mjini.

"Huyu Sultani Mohoro," akamwuliza muuza kahawa, "alifanya nini na kiwiko chake?"

"Maswali gani haya, bibi wee! Alikiegemea. Sikio lake la kushoto lilikuwa zito, hivyo alikaa pale kwenye kibaraza cha mawe, akaweka kiwiko cha kuume juu ya jiwe, akakuinamia umweleze shida yako. Ukimaliza, anasema, 'Rudia.' Mimi nilimrudia shauri la mbuzi wangu mara nne."

"Na upindo?"

"Akitoka pale huenda mwenyewe kuutazama mpaka wa shamba mnaogombania. Kwa miguu. Miiba ya kule si unaijua?"

"Miaka mingapi?"

"Hata alipokufa ilikuwa kumi na tisa."

"Na miezi?"

Muuza kahawa akamtazama. "Mwana, wewe ni mgonjwa," akasema. Lakini akahesabu vidoleni. "Minne."

Mwanamize akashukuru, akarudi nyumbani, akamaliza joho siku ya ishirini na tisa. Hakulala vizuri wala hakula, kwa hofu kwamba huenda amekosea mshono mmoja wa bega.

Ikawa siku ya karamu, Jumanne, mwezi ishirini na sita Shaabani, baada ya sala ya adhuhuri, ua wa jumba ukajaa watu. Mbele ya Sultani ukawekwa wali na bilauri za sharubati, na kando yake akasimama askari mwenye kisu. Mwanamize akaingia, joho limekunjwa kifuani. Likakunjuliwa. Watu wazima wakashika midomo, kwa maana lilikuwa lile lile, rangi yake, kola yake, hata bega lake la kulia lililoshuka unywele mmoja.

Waziri akakiendea kiwiko moja kwa moja. Kilikuwa kizima. Akaushika upindo. Ulikuwa mzima.

"Maulana!" akapiga kelele. "Hili ni jipya! Amekudhihaki mbele ya watu! Askari, mshike mkono!"

Askari akamshika. Mwanamize akasema haraka, "Maulana, naomba karatasi yangu isomwe kabla dole langu halijakatwa. Na aisome aliyeiandika."

Sultani akaashiria kwa kidole. Waziri akasoma, na kila alipofika kwenye neno Mwanamize akalijibu.

"'Usije ukalikuna.'"

"Sikulikuna. Bibi wa vitumbua yupo, na anuse."

Bibi akanusa. "Halina tui," akatangaza, na watu wakasema, "Haya."

"'Usilichome moto, usilipake matope, usilisugue jiweni.'"

"Sikufanya."

"'Nataka uchakavu wa haki.'"

"Hapo ndipo nilipokwama," Mwanamize akasema. "Mheshimiwa Waziri, joho la Sultani Mohoro lilipotoka kwa fundi wake, kiwiko kilikuwa kimechakaa?"

"Swali la kijinga. Kilikuwa kipya."

"Basi kazi ya sindano iliishia hapo, nami yangu imeishia hapo. Aliyekichakaza ni nani?"

"Mohoro mwenyewe, kwa kulivaa!"

"Ndivyo nilivyoambiwa. Nguo huchakaa haki kwa kuvaliwa, hakuna njia nyingine, nimefumua nguo mia tatu sijaiona. Basi endelea kusoma, bwana wangu. Asilivae nani?"

Waziri akatazama karatasi. Kisha akasoma kwa sauti ndogo, "'Asilivae yeyote ila mimi Sultani.'"

"Nikatafuta mjini kote," akasema Mwanamize, "nani anaweza kuimalizia kazi hii pasipo kuvunja amri. Nikampata mmoja tu. Fundi wa kiwiko ni kiwiko, Maulana, na kile kilichoruhusiwa kimo ndani ya mkono wako wa kuume. Mimi kazi yangu niliimaliza jana. Aliyechelewa si mimi."

Sauti ya mwiko katika sufuria ikasikika kutoka jikoni. Sultani akakitazama kiwiko chake kana kwamba amekigundua leo. Kisha akalitazama joho. Mwisho akawatazama watu, nao, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, walikuwa wakimtazama yeye.

"Na hicho kiwiko," akauliza, "kifanye kazi gani?"

"Kiegemee kwenye kibaraza cha mawe, Maulana, wakati watu wanapoeleza mashauri yao. Jiwe la pale lina shimo tayari, babu yako aliliacha. Nawe hukulikataza, kwa kuwa uliniambia mimi nisilisugue jiweni, hukujiambia mwenyewe."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na tisa na miezi minne. Lakini babu yako alikaa asubuhi tatu kwa juma. Maulana akikaa kila siku, huenda akamaliza mapema."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo. Mwingine akacheka bila kuuziba. Sultani akaanza kukunja uso, lakini uso ukamshinda, mabega yakatikisika, akacheka mpaka bilauri ya sharubati ikapinduka. Waziri akacheka pia, baada ya kuhakikisha.

"Mwachie mkono," Sultani akamwambia askari. Akasimama, akavikwa joho. Likamkaa sawasawa, ila alionekana ndani yake kama mgeni aliyekaribishwa nyumba kubwa. "Mwanamize, nilikuahidi utakalo. Sema."

"Nataka kujua tu baraza itafunguliwa saa ngapi."

"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo."

Sultani akafikiri. "Saa moja na nusu," akasema, na Waziri, aliyekuwa na mbuzi wawili wa watu nyuma ya nyumba yake, akajiinamia akakitazama kiatu chake.

Kesho yake, Jumatano, saa moja na robo, Mwanamize akafika barazani, ameoga, amevaa kanzu yake ya mikono mipana, akatandika mkeka mbele ya kibaraza cha mawe, akawa wa kwanza katika mstari uliozunguka mpaka sokoni. Saa moja na nusu Sultani akatoka na joho lake, akaketi, akakitafuta kile kishimo jiweni, akaweka kiwiko.

"Haya, Mwanamize," akasema. "Una shauri gani?"

"Kuna mtu mmoja, Maulana, alitaka kunikata dole gumba nisishone tena, na sikuwa nimefanya kosa lolote. Nimekuja kumshitaki."

Sultani akakiinua kiwiko kidogo. Watu nyuma ya Mwanamize wakasogea wapate kusikia.

"Mtu huyo ni nani?" akauliza.

Mwanamize akauvuta mkeka wake karibu na jiwe.

"Egemea vizuri kwanza, Maulana," akasema, akaanza kueleza tangu mwanzo.