Gari Limeitwa

Hapo zamani, si zamani ya mbali, maana kompyuta zilikuwa zimekwisha kupanda milimani hadi kwenye migomba na mvua, palikuwa na zahanati yenye nesi mmoja, Atupele. Mezani pake palikuwa na kompyuta, na ndani yake programu ya kuita gari la wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya.

Programu ile aliitengeneza Gwakisa, huko mjini. Alijua kwamba kila programu huanguka, basi akaiwekea mlinzi. Ikianguka, mlinzi huandika ilikuwa ikifanya nini na imeteleza wapi, kisha humwuliza aliye mezani: "Nitume taarifa ya hitilafu?" Ndiyo, au Hapana. Taarifa zilizofika mjini zilisomwa na Subilaga. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kila mtandao ulipolegea, programu ilianguka.

"Nesi, mashine imezimia tena," wagonjwa walimtania. "Ilaze kitandani, mimi nitangoja."

Atupele alicheka, akabonyeza Hapana, akaiwasha upya. Kutuma kulichukua muda, na kwenye foleni kulikuwa na watoto wenye homa. Leo Hapana. Kesho Hapana.

Zahanati nyingine zilibonyeza Ndiyo. Kengele ikalia kwa Subilaga, ikalia, ikalia. Aliona ni anguko lile lile, na kwamba programu ikiwashwa huamka. Akainyamazisha kengele ya anguko hilo, apate kusikia mengine.

Asubuhi moja Anyelwisye alimleta mkewe, Tusajigwe, akiwa na uchungu. Mtoto wa kike alizaliwa salama, lakini damu ya mama ikakataa kukoma. Atupele akabonyeza kitufe cha gari. Programu ikaanguka. Akabonyeza Hapana, akaiwasha upya, nayo ikaandika: "Gari limeitwa."

"Linakuja, dada," alimwambia Tusajigwe.

Kila kilichounguruma barabarani, Anyelwisye alitoka nje. Likapita lori la majani ya chai. Ikapita pikipiki. Atupele alipopiga simu hospitali, walimwuliza, "Gari gani?" Likatumwa wakati huo, likamkuta Tusajigwe amekwisha kufunikwa.

Alasiri programu ilianguka tena. Atupele akabonyeza Ndiyo, na mahali pa maelezo akaandika: "Mama amefariki."

Taarifa yenye maneno ya mtu hulia hata kengele ikinyamazishwa. Subilaga aliifungua, akafuata nyayo za mlinzi, akaona: programu ilikuwa ikiandika "Gari limeitwa" kabla hospitali haijajibu, hata mwito ukiwa umepotea njiani. Alimwonyesha Gwakisa. Kuirekebisha kulimchukua muda wa chai kupoa.

Baada ya mazishi, wote watatu, nesi na wale wawili wa mjini, walikwenda kwa Anyelwisye. Walimkuta amempakata mtoto.

"Kaka," Gwakisa alianza, "mtandao wa huku..."

"Mtandao hauna miguu ya kuja hapa," Anyelwisye alisema, taratibu, asimwamshe mtoto. "Huyu atakua. Ataniuliza mama yake alikufaje. Sitaki kumjibu kwamba ni mashine. Siku hiyo nataka mmoja wenu aje, aketi hapa, amtazame, aseme: ni mimi. Mmoja tu. Mkija watatu, mtatazamana ninyi kwa ninyi."

Gwakisa aliinama. "Basi ni mimi. Niliyatanguliza maneno yale ili nesi asihangaike akingoja jibu. Nilidhani ninampunguzia wasiwasi."

"Wewe hukuambiwa," Atupele alisema. "Mimi niliiona ikianguka kila siku, na njia ya kukuambia ilikuwa chini ya kidole changu. Halafu ni mimi niliyemwambia linakuja. Alinishika mkono, akaniamini."

Subilaga aliwageukia wenzake.

"Ninyi hamkujua," alisema. "Mimi niliambiwa. Niliambiwa mpaka nikachoka kusikia."

Mtoto akaamka, akalia. Atupele akanyoosha mikono ampokee. Anyelwisye alisita, kisha akampa.

Hakuchagua siku ile, na mpaka leo hajachagua. Mtoto sasa anatembea, anasema, na kila kitu anakiulizia: mvua inatoka wapi, jogoo analala wapi. Lile swali bado, lakini li njiani.

Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu upesi. Mtazameni kwanza mtoto yule, kisha mniambie: siku atakapouliza, nani anastahili kuketi mbele yake na kusema, "Ni mimi"?